Kubadili boila la hospitali huku wagonjwa wakiwa wodini: ratiba ishikwe na wauguzi

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Hapa Dar es Salaam hakuna wodi inayohitaji kupashwa joto, kwa hiyo tunapozungumzia mfumo wa joto wa hospitali tunazungumzia mvuke wa kutakasia vifaa vya upasuaji, maji ya moto ya kuogeshea wagonjwa, joto la kufulia mashuka na joto la jikoni. Hospitali ya zamani kwa kawaida hupata vyote hivyo kutoka boila moja la dizeli lililo nyuma ya jengo. Siku boila hilo linapochakaa, uongozi hukabiliwa na swali gumu kuliko la bei: litabadilishwaje wakati ghorofa zote zimejaa na hakuna mahali pa kuwahamishia wagonjwa?

Kazi yangu ni mitambo ya majengo, na katika jambo hili nina msimamo mmoja. Ratiba ya kazi katika jengo lenye wagonjwa haifai kuandikwa na mkandarasi, wala na mhandisi kama mimi. Iandikwe na wauguzi wafawidhi wa wodi pamoja na mkuu wa kitengo cha kutakasa vifaa, kisha mhandisi atafute mfumo unaoweza kuifuata ratiba hiyo. Tumezoea kwenda kinyume: mtambo huchaguliwa kwanza, mkataba husainiwa, halafu wodi hupelekewa barua ya kuarifiwa kwamba Jumamosi maji ya moto hayatakuwapo. Mtambo wowote unaolazimisha huduma zote kuzimwa kwa pamoja haufai kwa hospitali inayofanya kazi, hata uwe bora kiasi gani kiwandani.

Tuanze na kile ambacho boila linafanya hasa. Boila la mvuke la shinikizo la bar 7 huendeshwa kwenye joto la nyuzi 170 hivi. Otoklevu, yaani mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji kwa mvuke, huhitaji mvuke wa nyuzi 134 kwa mzunguko wa haraka, au nyuzi 121 kwa mzunguko mrefu zaidi. Mashuka hutakasika kwa maji ya nyuzi 71 yakidumishwa kwa dakika tatu au zaidi, na kile kiwango kingine kinachotumika Uingereza ni nyuzi 65 kwa dakika kumi. Mama aliyejifungua huoga kwa maji ya nyuzi 40 hivi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya dizeli inachomwa kupandisha joto ambalo mtumiaji wa mwisho hana haja nalo, na joto hilo husafirishwa kwa mabomba marefu ambayo mara nyingi yamevuliwa ganda lake la kuzuia joto. Mita moja tu ya bomba la mvuke la inchi mbili lililo wazi hupoteza mamia ya wati, usiku na mchana, hata pale ambapo hakuna bomba lolote la wodini lililofunguliwa.

Hapa jijini kuna jambo jingine ambalo huniumiza kila nikipanda juu ya paa la hospitali. Mashine za kupoza hewa za vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi zinafanya kazi mwaka mzima, na kazi yake ni kutoa joto ndani ya jengo na kulitupa nje. Juu tunatupa joto, chini tunanunua dizeli ili kutengeneza joto. Kifaa cha kuvuna joto kikifungwa kwenye mashine hizo, maji yanayoingia kutoka DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yakiwa na nyuzi 27 hivi yanaweza kuongezewa sehemu nzuri ya joto bila kuchoma chochote, na pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la hewani na kulihamishia kwenye maji, ikamalizia hadi nyuzi 60. Hesabu yake ni nyepesi. Lita 1,000 zinazopandishwa kutoka nyuzi 27 hadi 60 huhitaji takriban kilowati-saa 38 za joto. Lita moja ya dizeli ina kilowati-saa 10 hivi, na mfumo mkongwe unaofikisha bombani asilimia 60 tu ya joto hilo utakula lita sita na zaidi kwa kazi hiyo. Pampu ya joto, katika hewa yetu ya uvuguvugu, hutoa sehemu tatu za joto kwa kila sehemu moja ya umeme, kwa hiyo itatumia kama kilowati-saa 13.

Nimeeleza hayo kwa sababu ndiyo yanayofungua mlango wa kufanya kazi bila kuwaondoa wagonjwa. Ukitambua kwamba huduma hizi nne hazihitaji joto la aina moja, huna tena sababu ya kununua boila jingine moja kubwa na kulifunga kwa usiku mmoja wa hofu. Unaigawa kazi. Otoklevu mpya zinazojizalishia mvuke kwa umeme zinakaa katika kitengo chake. Maji ya moto yanapata matangi yake na pampu zake za joto. Dobi linapata kichemshio chake, na jiko linapata majiko ya gesi au ya umeme. Kila kimoja kinaweza kujengwa kando ya mfumo wa zamani ukiwa hai, kikajaribiwa, na ndipo kikabebeshwa mzigo.

Ni kipi kitangulie? Wengi huanza na jikoni kwa kuwa ndiko kwepesi. Mimi ningeanza na utakasaji wa vifaa, ingawa ndiko kugumu na ndiko kunakokula fedha nyingi mapema. Otoklevu mpya zikishathibitishwa huku za mvuke wa zamani zikiwa bado zinafanya kazi, hospitali inapata kipindi chenye vyanzo viwili, na kuanzia hapo hitilafu yoyote ya boila, iliyopangwa au ya ghafla, haiwezi tena kusimamisha upasuaji wa mama mwenye uzazi pingamizi. Baada ya hapo dobi, halafu maji ya wodini ghorofa moja baada ya nyingine. Jiko linaweza kuingizwa wakati wowote.

Maji ya wodini yanahitaji umakini kuliko watu wanavyodhani. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia kali, huzaliana katika maji yenye nyuzi kati ya 20 na 45, hasa yaliyotuama, na huingia mwilini kwa kuvutwa na pumzi pamoja na matone madogo ya bomba la kuogea au ya mnara wa kupozea. Walijulikana baada ya Julai 1976, wanachama wa chama cha maveterani wa Marekani walipokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, na zaidi ya watu 180 wakaugua. Mwaka 1985 maradhi hayo yaliwaua watu 28 katika mlipuko wa hospitali ya Stafford, Uingereza, kupitia mfumo wa kupoza hewa. Dar es Salaam maji yetu ya baridi yenyewe tayari yamo ndani ya nyuzi hizo za hatari, kwa hiyo hatuna nafuu waliyo nayo watu wa nchi za baridi.

Kwa sababu hiyo maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60, na yanayorudi kutoka mwisho wa mzunguko yasiwe chini ya nyuzi 50, na katika hospitali ningedai 55. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, ndiyo maana kwenye mabafu ya watoto, wazee na wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni huwekwa vali ya kuchanganya maji karibu kabisa na bomba, ili yatoke yakiwa na nyuzi 41 hivi. Vali hiyo ikifungwa mbali, bomba lote linalofuata huwa na maji vuguvugu, nasi tutakuwa tumewajengea bakteria makazi.

Kosa ninaloliona mara nyingi saiti ni kujaza maji katika mabomba mapya mapema ili kupima kama yanavuja, kisha kuyaacha hivyo kwa miezi kadhaa yakisubiri ghorofa ikabidhiwe. Pimeni kwa hewa pale inaporuhusiwa, au pimeni kwa maji siku chache kabla ya kukabidhi. Mkishayajaza, wekeni mtu wa kufungua kila bomba kila wiki na kuandika daftarini. Vilevile kila tawi la zamani linaloachwa likatwe pale lilipoungana na bomba kuu. Kipande cha bomba kilichozibwa upande mmoja hubaki na maji yasiyotembea, na maji hayo yanagusana na yale anayoogea mgonjwa.

Kuhusu vumbi, niseme wazi kwamba kutoboa dari la wodi si kazi ya usafi tu. Ndani ya dari kongwe kuna mbegu za kuvu wa Aspergillus, na kwa mtu mwenye saratani au aliye katika dawa za kushusha kinga, kuvu hao huua. Eneo la kazi lizibwe kwa nailoni nzito kutoka sakafuni hadi juu ya dari, hewa yake ivutwe nje kupitia kichujio cha HEPA, kinachonasa hata chembe ndogo sana, ili vumbi lisirudi korido, na vifusi vitolewe vikiwa vimefungwa, kwa njia isiyopitia mlango wa wagonjwa. Majengo ya zamani yanaweza pia kuwa na asbesto (madini yenye nyuzinyuzi zinazodhuru mapafu) katika ganda la mabomba ya mvuke. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya mtu kugusa chochote kwa msumeno.

Halafu kuna moto. Bomba la oksijeni mara nyingi hupita katika njia ileile ya mabomba ya maji. Kuchomelea hapo ni hatari isiyo na mjadala, na kwa wodini napendekeza viungio vya kubana au mabomba yanayounganishwa bila mwali. Panapolazimu mwali, pawe na kibali cha siku hiyo kilichosainiwa, mtungi wa kuzimia moto pembeni, na mlinzi anayebaki pale kwa saa nzima baada ya fundi kuondoka.

Usiku wa kuhamisha huduma upangwe kama upasuaji unavyopangwa. Jambo la kwanza ni kuzijaribu vali za zamani wiki kadhaa kabla, kwa kuwa vali iliyokaa wazi miaka ishirini mara nyingi haifungi tena, na kulijua hilo saa sita usiku huku bomba limeshakatwa ni maafa. La pili ni saa ya kurudi nyuma. Kama kazi inaanza saa nne usiku na wodi huanza kuogesha wagonjwa saa kumi na moja alfajiri, basi iandikwe kwamba ikifika saa nane na bomba jipya halijaungwa, mafundi wanarudisha la zamani, na hakuna anayeruhusiwa kusema "tumebakiza kidogo tu". Mwenye mamlaka ya kuitamka saa hiyo awe muuguzi wa zamu.

Ya kisheria ni mafupi. Boila na vyombo vya shinikizo hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na msingi wake ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa hiyo wakaguzi wahusishwe tangu michoro. Kazi za juu ya paa ziepukwe wakati wa masika, Machi hadi Mei. Karibuni tujadili.

Mchangiaji: muuguzi, kitengo cha utakasaji

Mhandisi, nashukuru kwamba umetuweka mbele, kwa sababu mara nyingi tunaitwa siku ya kukata utepe. Naomba niongeze kutoka upande wetu.

Otoklevu mpya haihesabiwi kuwa inafanya kazi kwa sababu taa yake ni ya kijani. Baada ya kufungwa inapaswa kupitishwa katika mizunguko mitatu mfululizo ikiwa tupu, yenye kipimo cha vijidudu sugu vya Geobacillus stearothermophilus, na mizunguko mingine mitatu ya kipimo cha Bowie-Dick kinachoonyesha kama hewa yote imetolewa. Kipimo kimoja kikishindwa tunaanza upya. Hiyo ni kazi ya siku nzima au zaidi, na haimo katika ratiba nyingi nilizowahi kuonyeshwa na makandarasi.

Jambo la pili ni mvuke mbichi. Mitego ya mvuke, yaani vali zinazotoa maji kwenye mabomba ya mvuke, ikiharibika na mabomba yakipoteza joto, mvuke hufika kwetu ukiwa umebeba maji, na pakiti hutoka zimelowa. Pakiti iliyolowa kwetu ni pakiti chafu, hata kama imekaa nyuzi 134 kwa muda wake wote, kwa kuwa kitambaa chenye maji hupitisha vijidudu kutoka mikononi na mezani. Mabomba yakianza kufunguliwa hapa na pale wakati wa ukarabati, hali hii huzidi, na mafundi hawaioni kwa sababu kipimo chao cha shinikizo kinasoma vizuri.

Nauliza mawili. Hizo otoklevu za umeme zinataka maji gani? Kisima chetu kina chumvi. Na la pili, unaposema muuguzi wa zamu awe na mamlaka ya kusimamisha kazi, mamlaka hayo yataandikwa wapi? Kwa maneno ya mdomo, sista wa zamu hawezi kubishana na mkandarasi aliyekuja na barua ya mkurugenzi.

Mleta uzi

Sista, hoja ya pakiti zilizolowa ni nzito na naipokea kama ilivyo. Iingie katika mkataba hivi: wakati wote wa kazi, kila asubuhi kitengo chako kinatoa taarifa ya pakiti zilizolowa, na zikizidi kiwango mlichokubaliana, kazi kwenye bomba la mvuke inasimama hadi chanzo kipatikane. Hapo kipimo kinachotawala kinakuwa cha kwako, si cha shinikizo.

Kuhusu maji, otoklevu inayojizalishia mvuke inahitaji maji yaliyoondolewa chumvi. Maji ya kisima cha pwani yataacha ukoko kwenye vichemshio na kula chuma cha pua ndani ya muda mfupi, na madoa utayaona kwenye mikasi na vibano. Mtambo wa kuchuja chumvi ununuliwe pamoja na otoklevu, katika zabuni moja, ukiwa na tangi lake la akiba. Mnakumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua. Otoklevu isiyo na akiba ya maji nayo husimama, hata umeme ukiwapo.

Mamlaka ya kusimamisha kazi yaandikwe sehemu mbili. Katika masharti maalumu ya mkataba iandikwe kwamba agizo la muuguzi mfawidhi au wa zamu la kusimamisha kazi katika eneo lake ni halali papo hapo, na kwamba muda unaopotea kwa agizo hilo hautamletea mkandarasi adhabu ya kuchelewa. Bila sentensi hii ya pili mkandarasi atapigana nawe, maana atakuwa anajitetea na hasara. Kisha kibali cha kazi cha kila siku kiwe na nafasi ya saini yako, na bila saini hiyo fundi hapandi ngazi.

Mchangiaji: fundi umeme, Temeke

Mkuu, nakubaliana na mengi, ila naona umeuhamishia umeme mzigo wote. Otoklevu moja kubwa inaweza kutaka kilowati 30 hadi 50. Ukiweka mbili, ukaongeza pampu za joto na vichemshio vya dobi, transfoma iliyopo italemewa, na jenereta ndiyo kabisa. Mgao wa umeme wa mwaka 2023 bado tunaukumbuka. Boila la dizeli, pamoja na ubaya wake, huendeshwa na umeme kidogo tu wa feni na pampu. Isitoshe, nyaya kuu za majengo mengi ya zamani hazikukusudiwa mizigo hii. Je, si tunahamisha udhaifu kutoka chumba cha boila kwenda chumba cha swichi za umeme?

Mleta uzi

Kaka, hoja yako ndiyo inayopaswa kuamua ukubwa wa kila kitu, na mtu asisaini mkataba wa pampu za joto kabla mita ya kurekodi haijakaa kwenye nyaya kuu kwa wiki kadhaa ikionyesha kilele cha matumizi kiko saa ngapi. Ni kweli kwamba gridi imeimarika tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lakini hospitali haiwezi kupangwa kwa kutegemea gridi peke yake.

Hata hivyo mizigo hii haifanani. Maji ya moto yanaweza kuhifadhiwa. Tangi la lita elfu kadhaa lenye ganda nene hupoteza nyuzi chache tu kwa usiku, kwa hiyo pampu za joto zinaweza kufanya kazi saa ambazo jengo lina nafasi ya umeme, zikanyamaza wakati jenereta inabeba chumba cha upasuaji. Dobi nalo linaweza kupangiwa zamu. Otoklevu ndiyo isiyosubiri, na hiyo iwekwe kwenye jenereta, moja kwa wakati mmoja, kwa kufuli ya umeme inayozuia mbili kuwaka pamoja. Ukijumlisha hivyo, ongezeko kwenye jenereta linakuwa mzigo wa otoklevu moja na pampu za kuzungusha maji. Ikiwa hata hilo haliwezekani, basi kazi ianze kwenye transfoma na nyaya kuu, na boila la zamani likarabatiwe lisogeze muda. Sitamshauri mtu kuliruka hilo.

Mchangiaji

Kwa nini tusitumie gesi yetu? Gesi ya Songo Songo imefika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015.

Mleta uzi

Mkuu, kwa hospitali iliyo karibu na bomba la usambazaji ni chaguo zuri sana kwa jiko na dobi, na hata kwa boila dogo la akiba. Mitaa mingi bado haijafikiwa, na kuvuta bomba barabarani ni mradi wenye vibali na muda wake. Ninaloomba ni kwamba mradi wa kubadili mfumo usitundikwe kwenye ahadi ya bomba. Majiko yanunuliwe ya aina inayoweza kubadilishwa nozeli, yaanze na gesi ya mitungi ikiwa stoo ya mitungi iko nje na mbali na wodi, kisha yahamie gesi asilia itakapofika.

Mchangiaji: ofisa ununuzi

Ndugu mhandisi, naomba tuguse fedha. Zabuni zetu sasa hupita katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na wazabuni wote hushindana kwa bei. Ukiandika kazi ya usiku, vichujio vya HEPA, kurudisha bomba la zamani kazi ikishindikana, na kusimama kila sista anapoagiza, mzabuni makini ataweka bei kubwa na asiyejali ataweka ndogo, kisha huyo asiyejali ndiye atakayeshinda. Tunafanyaje?

Mleta uzi

Ndugu, umeeleza ugonjwa wenyewe. Dawa yake ni kutoyaacha mambo hayo ndani ya kifungu kimoja cha maandalizi ya saiti ambacho kila mtu hukijaza anavyotaka. Kila kimoja kiwe na mstari wake na kipimo chake katika jedwali la kazi na bei: mita za mraba za ukuta wa nailoni, idadi ya usiku wa kazi, idadi ya mara za kuhamisha huduma pamoja na zoezi la majaribio kabla yake, saa za kusubiri kwa agizo la hospitali. Wote watapangia bei kitu kilekile, na anayeweka sifuri ataonekana na kuulizwa.

La pili, malipo yafuate huduma iliyokabidhiwa. Mkandarasi anayelipwa kwa mita za bomba atafungua ghorofa tano kwa pamoja, kwa kuwa kufunga bomba kunalipa na kumalizia hakulipi. Mkandarasi anayelipwa ghorofa inapokabidhiwa ikiwa na maji ya nyuzi zinazotakiwa kwenye kila bafu, daftari la vipimo likiwa limesainiwa na muuguzi mfawidhi, atamaliza ya kwanza kabla ya kugusa ya pili. Malipo ya awali ya vifaa yanaweza kubaki kama taratibu zinavyoruhusu.

Mchangiaji: ndugu wa mgonjwa

Mimi si mtaalamu. Nilimuuguza mama yangu katika hospitali moja ya jijini, maji ya moto yakakatwa bila taarifa, na sisi ndugu tukawa tunapanda ngazi na chupa za maji yaliyochemshwa nyumbani. Korido ilijaa chupa na ndoo. Naomba waandishi wa hizo ratiba watukumbuke pia.

Mleta uzi

Dada, pole kwa kumuuguza mama. Ulichokieleza ni hatari kwa pande mbili, kwa sababu maji yanayochemka yakimwagika katika korido yenye msongamano huunguza, na ndugu wengi wakipita eneo la kazi hubeba vumbi hadi kitandani kwa mgonjwa. Taarifa ibandikwe kwenye lango la kuingilia na kwenye mlango wa wodi siku kadhaa kabla, iseme ni ghorofa ipi, saa ngapi hadi saa ngapi, na hospitali yenyewe itatoa wapi maji ya moto kwa muda huo. Kichemshio cha muda cha umeme, kilichofungwa katika chumba cha huduma cha ghorofa husika na kusimamiwa na mhudumu, kitosheleze wodi hiyo, ili ndugu asilazimike kuleta chochote. Gharama yake iwe na mstari katika lile jedwali.

Mchangiaji: muuguzi, kitengo cha utakasaji

Mhandisi, swali la mwisho kutoka kwangu. Kila kitu kikishahamia kwenye mfumo mpya, boila la zamani liondolewe lini? Wengine wanataka libaki kama akiba, wengine wanataka chumba chake kigeuzwe stoo yetu.

Mleta uzi

Sista, libaki likiwa tayari kuwaka hadi otoklevu mpya zipite matengenezo yake makubwa ya kwanza na maji ya wodini yapite kipindi cha baridi cha Juni na Julai, wakati mahitaji ya maji ya moto yanapopanda. Katika muda huo liwashwe kwa ratiba na mkaguzi aendelee kulikagua, maana boila la akiba lisilowashwa si akiba. Baada ya hapo lisibaki hata mwezi mmoja zaidi. Mabomba yake yakatwe pande zote mbili na kuzibwa kwenye bomba kuu, tangi la dizeli litolewe mafuta na kusafishwa na watu wenye vifaa vya kuingia tangini, ganda la mabomba lishughulikiwe kulingana na majibu ya maabara kuhusu asbesto, na michoro mipya ya jengo ikabidhiwe kwa idara ya ufundi ikionyesha kila tawi lililofungwa. Chumba kikishakuwa kikavu na kupakwa chokaa, stoo ni yenu.